Soseji na sukuma kwenye kikaango kimoja: kwa nini chakula kinageuka supu

SWALI: Habari za kazi, mpishi. Naishi Kisumu, napikia mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye moto mmoja. Jioni nikirudi nyumbani napenda kukaanga soseji pamoja na sukuma wiki, tuko watu wanne, tunakula na ugali. Lakini kila mara ni yale yale. Soseji zinapasuka na kuungua nje huku ndani bado zina rangi ya waridi, na sukuma inatoa maji mpaka chakula kinakuwa supu, halafu rangi yake inageuka kaki. Huwa nakaanga kitunguu na nyanya kwanza, natia soseji, kisha sukuma, nafunika kwa dakika kumi. Nakosea wapi? Na je, managu inaweza kuchukua nafasi ya sukuma?

JIBU: Dada, kosa halipo kwenye vitu unavyopika, lipo kwenye maji. Soseji inataka maji kidogo mwanzoni, nawe umeinyima. Sukuma haitaki maji hata tone, nawe umeifungia kwenye mvuke dakika kumi nzima. Kila moja imepewa haki ya mwenzake. Zibadilishane, na chakula kitakuwa tayari kwa dakika 25 hivi, ugali ukiwa umeshasongwa.

Kwa watu wanne chukua soseji 6 za ng'ombe (gramu 300 au pungufu kidogo), sukuma gramu 500, yaani kama majani 25 ya wastani, kitunguu kimoja kikubwa, punje mbili za kitunguu saumu, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, na nyanya moja tu, ambayo nitakuja kuijadili chini. Kikaango kiwe cha sentimita 26 hadi 28 na kiwe kizito kiasi. Kile chembamba cha alumini kinapoa mara tu unapomwaga mboga ndani, na mboga ikikutana na chuma kilichopoa haikaangiki, inavuja.

Tuanze na soseji. Hizi za pakiti ni nyama iliyosagwa laini sana, ikachanganywa na mafuta, maji au barafu, chumvi, viungo, na mara nyingi chenga za mkate mkavu au wanga wa kushika maji. Vyote vimefungwa ndani ya ngozi nyembamba. Ukizitia kwenye mafuta ya moto, ngozi inajikunja na kukauka kabla joto halijafika katikati. Maji yaliyo ndani yanaanza kuwa mvuke, yanatafuta pa kutokea, na ngozi iliyokwisha kukaza inachanika. Wakati huo wanga ulio juu unaungua. Ndiyo maana unapata soseji nyeusi yenye uji katikati. Watu wengi hujaribu kutibu hilo kwa kuzidunga uma. Usifanye hivyo: mashimo yanatoa mafuta na mchuzi wa nyama, soseji inabaki kavu kama kifutio, na bado inaweza kupasuka ukiwa na moto mkali.

Weka soseji kwenye kikaango kikiwa baridi, moto haujawashwa. Mimina maji kama mililita 100, chini kidogo ya nusu kikombe; yafike robo ya unene wa soseji, yasizifunike. Washa moto wa wastani, funika. Yakianza kutokota hesabu dakika 6, ukizigeuza mara moja katikati. Maji yanailinda ngozi kwa sababu hayawezi kupanda joto kuliko kiwango chake cha kuchemka: kwa mwinuko wa Kisumu ni karibu nyuzi 96, na kwa Nakuru iliyo juu zaidi ni karibu 94. Mafuta yenyewe hupita 170 bila shida. Kwa hiyo ndani kunaiva polepole, ngozi ikiwa bado laini na inayonyumbulika. Aliye Nakuru aongeze dakika moja.

Zikitimiza dakika 6, zitoe uziweke juu ya ubao zipoe dakika mbili, kisha uzikate mshazari, vipande vya unene wa sentimita moja. Usikate kabla ya kuchemsha. Nyama mbichi iliyosagwa namna hiyo ni laini, itabonyea na kutoka kwenye ngozi kama dawa ya meno. (Kama huna subira, zikate zikiwa nusu barafu, zitakatika vizuri, lakini hapo ruka hatua ya maji na uzikaange kwa moto mdogo.) Acha maji yaliyobaki kwenye kikaango yakauke kabisa. Utasikia wakati wake: sauti ya kutokota inakatika, inaanza ile ya kukaangika. Hapo tia kijiko kikubwa cha mafuta, panga vipande vilale upande uliokatwa, na uviache. Usivikoroge. Dakika moja na nusu upande mmoja, moja na nusu upande wa pili, vishike rangi ya kahawia. Sehemu iliyokatwa ndiyo inayoshika rangi na ladha, na kipande kimoja cha mshazari kina eneo kubwa kuliko ngozi ya pembeni. Kwa ujanja huo soseji 6 zinaonekana 10 kwenye sahani, jambo ambalo si dogo nyumba ikiwa na watoto.

Kuhusu ile rangi ya waridi: usiitumie peke yake kuamua kama soseji imeiva. Baadhi ya soseji hutiwa chumvi ya nitriti, na hiyo huiacha nyama na uwaridi hata ikiiva kabisa. Tazama umbile. Kata ile nene kuliko zote katikati. Ikiwa imeshikana na inarudi ukiibonyeza, na mchuzi unaotoka ni mweupe, imeiva. Ikiwa bado inateleza kama uji na inashika kisu, rudisha kwenye moto. Ukiwa na kipimajoto cha nyama, katikati pafike nyuzi 71 kwa ng'ombe na nguruwe, 74 kwa kuku. Na soseji zilizoganda usiziyeyushe juu ya meza ya jikoni kwa joto la Kisumu. Zilale usiku kwenye friji, au ziweke pakiti ikiwa imefungwa ndani ya maji baridi dakika 30 hadi 40.

Smokie si soseji ya namna hii. Smokie imeshaivishwa kiwandani kwa moshi na joto, ndiyo sababu wauzaji wa barabarani huipasua, wakaijaza kachumbari na kukupa baada ya kuipasha tu. Ukiwa na smokie, ruka maji yote, kata na ukaange dakika tatu.

Ondoa vipande uviweke kwenye bakuli. Kikaangoni kutakuwa kumebaki mafuta, ya kwako na yaliyotoka kwenye soseji, pamoja na ukoko wa kahawia chini. Mafuta yakizidi vijiko viwili vikubwa, punguza. Ukoko usiukwangue utupe. Tia kitunguu kilichokatwa vipande vyembamba, moto wa wastani. Unyevu wake utaulainisha, nawe uung'oe kwa mwiko wa mti. Dakika tatu, kilainike bila kuungua. Kisha kitunguu saumu sekunde 30, si zaidi, kwa maana kikiungua kinakuwa kichungu na uchungu huo hautoki. Ikiwa ukoko ulishageuka mweusi, huo si ladha tena. Futa kikaango na uanze na mafuta mapya.

Sasa nyanya. Mpangilio wetu wa kawaida, kitunguu, nyanya, mboga, unafaa mchuzi wa nyama, lakini kwa mboga ya majani ya haraka unaleta matatizo mawili kwa mpigo. Nyanya ni maji matupu, na nyanya ina asidi. Ukimwaga sukuma juu ya nyanya ambazo hazijakauka, umeanza na supu kabla mboga haijatoa tone lake. Mimi ningezitoa kabisa kikaangoni, nikazikata kachumbari pembeni na dania na ndimu. Ukisema nyumbani kwako mboga bila nyanya si mboga, tumia moja, itie baada ya kitunguu saumu, uiponde na kuikaanga dakika nne mpaka mafuta yajitenge pembeni na mwiko ukipita uache njia. Kabla ya hapo mboga isiguse kikaango.

Rangi ya kaki inatokana na asidi hiyo hiyo. Kijani cha majani ni klorofili, na katikati ya kila chembe yake kuna magnesi. Joto likivunja seli za jani, asidi iliyomo inatoka na kuing'oa ile magnesi, na kijani kinageuka zaituni iliyochakaa. Jani lenyewe lina asidi, nyingine inapaa na mvuke. Ukifunika, mvuke unagonga kifuniko na kudondoka tena juu ya mboga pamoja na asidi yake. Ukiacha wazi, inakwenda zake dirishani. Na muda nao una kikomo: hadi dakika 5 kijani kinang'aa, ikipita 7 hivi kinaanza kuzama. Dakika zako kumi chini ya kifuniko zilikuwa hukumu tosha.

Utashauriwa utie magadi kidogo. Ni kweli magadi yanaua asidi na kijani kinabaki kama rangi ya duka. Lakini yanalainisha ukuta wa jani mpaka linakuwa tope, na yanaharibu vitamini C pamoja na B1. Kwa kunde ngumu au maharagwe mtu anaweza kuwa na sababu. Kwa sukuma laini ya dakika nne hakuna sababu yoyote.

Sukuma yenyewe inashinda au kushindwa kabla ya moto. Ioshe ikiwa majani mazima, kwenye maji mengi, ibadilishe maji mara mbili au tatu mpaka usione mchanga chini ya beseni. Kisha ikung'ute na uiache isimame kwenye chujio, au uilaze juu ya taulo safi, angalau dakika 10 wakati ukishughulika na soseji. Halafu ndipo ukate. Tatizo la sukuma iliyokatwa na mama mboga ni hilo: anakukatia nyembamba vizuri, kisu chake hakina mpinzani, lakini imekatwa kabla ya kuoshwa. Ukiiosha nyumbani, kila ukingo uliokatwa unanyonya maji, na kinachobaki kwenye maji ya kijani ya beseni ni vitamini zako. Ukipita soko la Kibuye au kwenye kibanda cha mtaani, mwambie akuoshee kwanza kisha akate, au uchukue ikiwa mafungu mazima. Chagua majani yanayokatika "kach" ukiyakunja. Likipindika tu bila kukatika, ni la jana.

Ng'oa uti mnene wa kati. Usiutupe, ukate vipande vidogo vidogo utangulie kikaangoni. Majani yapange kumi kumi, uyaviringishe kama sigara, ukate nyuzi za milimita tatu. Ukikata pana yatachelewa kuiva na utalazimika kufunika, na hapo tumerudi tulikotoka.

Pandisha moto uwe mkubwa. Vipande vya uti vitangulie dakika mbili. Kisha tia nusu ya majani, geuza kwa mwiko kutoka chini kwenda juu mpaka yalegee, kama dakika moja, ndipo utie nusu iliyobaki. Ukimwaga yote pamoja, lundo litazima joto la kikaango. Jani la chini linachemka kwa maji ya lililo juu yake. Endelea kugeuza dakika mbili hadi tatu zaidi. Usifunike, usiongeze maji. Unatafuta jani lililolegea lakini likitafunwa bado linatoa sauti kidogo, na chini ya kikaango pawe na mng'aro wa mafuta tu. Rudisha soseji dakika ya mwisho zipate joto tena, uzime.

Chumvi iwe ya mwisho, na uonje kwanza. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye jani. Ukiitia mapema umeialika ile supu. Isitoshe soseji zenyewe zimebeba chumvi, kwa kawaida karibu asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake, kwa hiyo hizo gramu 300 zimeshaleta karibu kijiko kimoja cha chai. Mara nyingi kibano kimoja kinatosha sufuria nzima. Ukitia na viungo vya pakiti vya mchuzi, usitie chumvi kabisa. Pilipili manga inafaa. Ndimu ikamuliwe kwenye sahani, isipite kikaangoni, kwa sababu uliyoyasoma juu ya asidi.

Kwa kuwa una moto mmoja, ugali utangulie. Usonge, uugeuzie kwenye sahani, uufunike kwa sufuria ile ile uliyosongea na taulo juu. Kwa nusu saa bado utakuwa wa moto. Sukuma haina uvumilivu huo, kila dakika ikikaa juu ya joto inazidi kuwa kaki. Mboga iondoke kikaangoni wakati watu wanaosha mikono.

Na siku ikikuharibikia, ukakuta maji yamejaa? Usitie unga wala usifunike ukisubiri yakauke. Sogeza mboga upande mmoja, inamisha kikaango, uyachote yale maji kwa kijiko kwenye kikombe, pandisha moto hadi mwisho na ugeuze dakika mbili. Yale maji yana ladha nzuri, yafae kuchovya ugali.

Managu inaweza, tena kwa maoni yangu uchungu wake unapatana na mafuta ya soseji kuliko sukuma inavyopatana nayo. Ila haiwezi kuingia kikaangoni mbichi. Osuga, rinagu, lisutsa, kwa jina lolote unaloinunulia, kwanza chambua: ng'oa majani na ncha laini, tupa vikonyo vigumu, na utupe kila tunda la kijani utakaloliona, maana matunda mabichi yake yana sumu. Tia majani kwenye maji yanayochemka kwa nguvu, sufuria wazi, dakika 5 hadi 8, uonje jani moja. Chuja, mwaga maji, ikamue kwa mkono mpaka isidondoke. Gramu 500 zitakupa tonge mbili za ngumi. Zichambue kwa vidole zisishikane, kisha fuata njia ile ile kuanzia kitunguu, lakini ikae kikaangoni dakika tatu tu, na mwishoni vijiko vitatu vikubwa vya krimu ya maziwa badala ya nyanya. Ule utaratibu wa kulaza mboga na maziwa mpaka kesho yake unaleta ladha ambayo kikaango hakiwezi kuiga, lakini si pishi la jioni ya kazi. Unachoweza kufanya ni kuchemsha na kukamua nyingi Jumapili, ukafunga matonge bila maziwa, yakakaa kwenye friji siku tatu.

Saga, yaani dek, ifanyie hivyo hivyo, ila ichemshe zaidi, maana uchungu wake ni mkali kuliko wa managu. Kunde changa nayo ichemshwe dakika 10 kwanza. Iliyokomaa ni ya sufuria, iache. Terere na spinachi zinaingia mbichi kama sukuma ila kwa dakika mbili, na spinachi ina maji mengi zaidi, kwa hiyo mabua yake meupe yatengane na majani. Kabeji dakika tano, haina masharti. Mrenda, yaani apoth, usijaribu. Inateleza kwa asili yake, ndiyo tunavyoipenda, na ikikutana na soseji kikaangoni utapata kitu kisichokuwa mrenda wala mboga ya kukaanga.

Kikibaki, kipoe kiingie friji ndani ya saa mbili. Asubuhi kipashe bila kifuniko mpaka kitoe mvuke hadi katikati, mara moja tu. Kijani hakitarudi, ila kikikunjwa ndani ya chapati hakuna atakayeuliza.